Ukiitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya jinai: mwongozo kwa mashahidi wa Kigoma

Kesi nyingi za jinai huanza kuanguka mapema, kituoni, siku ile shahidi anapoandikisha maelezo harakaharaka, anaweka dole gumba bila kusomewa, kisha anawahi boti ya kurudi Mwamgongo. Miezi inapita. Siku ya kesi anaeleza jambo zito ambalo halimo kwenye yale maelezo, wakili wa mshtakiwa anamwonyesha karatasi yake mwenyewe, na kuanzia hapo kila alichosema kinatiliwa shaka. Mhalifu anaachiwa. Au kinyume chake: mtu asiye na hatia anaendelea kukaa mahabusu Bangwe kwa sababu mashahidi hawafiki na kesi inaahirishwa kila mara. Haya yote mawili yanazuilika, na mwongozo huu ni wa mvuvi, mama muuza dagaa, bodaboda, mtendaji wa kijiji na yeyote aliyeona au kusikia jambo na sasa anatakiwa kulisema.

Wajibu unaanzia wapi

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka kila anayejua kwamba kosa la jinai limetendeka au linapangwa kutendeka atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake. Ni hivyo hivyo kwa kifo cha ghafla au chenye utata. Mwenyekiti wa kitongoji akipokea taarifa hiyo, kazi yake ni kuifikisha kituo cha polisi kilicho karibu. Hana mamlaka ya kuimaliza barazani kwake, hata kama pande zote mbili zimemwomba.

Kutoa ushahidi nako si hiari. Mtu yeyote anayeweza kuelewa maswali na kuyajibu anaweza kuitwa, na akiitwa kwa hati ya mahakama lazima afike. Waliolegezewa ni wachache. Mume au mke wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa mashtaka akitaka, lakini kwa kawaida halazimishwi, na hakimu anatakiwa amweleze hilo kabla hajaanza. Ulegezaji huo haupo pale kosa lilipomgusa yeye mwenyewe, mali yake au watoto wao, wala kwenye makosa ya kujamiiana. Wakili naye hawezi kulazimishwa kutoa siri za mteja wake.

Watu wengi hukimbia ushahidi wakidhani kwamba shahidi mmoja hatoshi, kwa hiyo wao si muhimu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haiweki idadi yoyote ya mashahidi. Mmoja akiaminika, anatosha. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2006, katika shauri la Goodluck Kyando dhidi ya Jamhuri, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kama kuna sababu za msingi za kutomwamini. Kwa hiyo unaingia mahakamani ukiwa na heshima hiyo tayari. Usiipoteze kwa kuongeza chumvi.

Na kuwa shahidi wa utetezi si kumtetea mhalifu. Mshtakiwa ana haki ya kuiomba mahakama imwitie mashahidi wake, na hati ya wito wanayopelekewa ina nguvu ile ile.

Maelezo ya polisi: hapa ndipo pa kutulia

Kwanza uliza waziwazi: naandikishwa kama shahidi au kama mtuhumiwa? Shahidi yuko huru kuondoka akimaliza. Mtuhumiwa huonywa kwanza, ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki, na muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu aliposhikiliwa, labda uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Ukiona askari ameanza kukusomea onyo, jua mambo yamebadilika. Simamisha, omba kuwasiliana na ndugu au wakili kabla ya kuendelea.

Kuandikisha maelezo ni bure. Kufungua taarifa na kupata namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ni bure. Fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali ni bure.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa, na kama mtaani wanakuita kwa jina lingine, nalo litajwe. Kijijini mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo, la ukoo na la utani, na kila shahidi akamtaja kwa jina lake. Wakili makini atauliza hao ni watu watatu au mmoja. Fanya hivyo pia kwa mtuhumiwa: sema majina yote unayomjua kwayo.

Saa zinaharibu kesi kuliko watu wanavyodhani. Wewe unasema "saa nane usiku", askari anatakiwa kuandika 0200hrs. Akipitiwa anaandika 0800hrs, na sasa tukio la usiku wa manane limekuwa la asubuhi. Tarehe nayo ina mtego wake: usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa nane, tayari ni Jumanne. Taja siku zote mbili, "usiku wa kuamkia Jumanne", kisha hakikisha tarehe iliyoandikwa inalingana.

Kama unakisema Kiha vizuri zaidi kuliko Kiswahili, omba mkalimani, na jina lake liandikwe kwenye maelezo. Usijikaze. Maneno ya kukisia yanageuka kuwa maneno yako.

Sasa utambuzi, hasa wa usiku. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikitaka ushahidi wa kumtambua mtu usiwe na shaka kabla haujamtia mtu hatiani. Mahakama hutazama umbali, aina ya mwanga na ukali wake, muda uliomtazama, kama kulikuwa na kizuizi, na kama ulimfahamu kabla. Kwa hiyo "nilimwona kwa mwanga wa taa" haimsaidii mtu. Chukua wizi wa injini ya boti mwaloni. Maelezo yenye uzito yanakwenda hivi: taa ya sola ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya kibanda, inawaka kikamilifu; yeye alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye taa, uso ukiwa upande wangu; mimi nilikuwa kwenye boti, hatua kama nane kutoka kwake, hakuna kilichotuzuia; nilimtazama tangu alipoanza kufungua boliti za injini mpaka alipoiweka begani; ninamfahamu kwa kuwa tumevua pamoja boti moja msimu uliopita. Kila kipande hapo kinajibu swali ambalo wakili wa utetezi atauliza.

Tochi inahitaji uangalifu wa pekee. Kama majambazi ndio walioishika na walikuwa wanakumulika wewe, mwanga huo ulikupofusha, haukukuonyesha sura zao. Useme hivyo. Kama kulikuwa na mwanga mwingine, wa moto wa jikoni, mbalamwezi au taa ya jirani, taja mwanga huo ulikuwa wapi na ulimfikia nani. Mbalamwezi inataka maelezo: ilikuwa angavu au ilikuwa na mawingu, mlikuwa uwanjani au chini ya michikichi?

Kama ulimtambua, mtaje hapo hapo, kwa mtu wa kwanza uliyekutana naye na kwa polisi. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 2002, kwenye shauri la Marwa Wangiti Mwita, kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni jambo linalompa shahidi uaminifu mkubwa, na kuchelewa bila maelezo kunaiamsha mahakama kujiuliza. Ulimtajia jirani aliyekuja kwa yowe? Jina la jirani liandikwe, naye aandikishwe. Kama ulichelewa kwa hofu, au kwa sababu ulikuwa umezimia, sema sababu hiyo siku hiyo hiyo. Ikitajwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu itaonekana imetungwa.

Ulichosikia kwa watu kitenganishe na ulichoona. Mahakama inataka aliyeona aseme alichoona na aliyesikia aseme alichosikia mwenyewe. "Watu walisema ni yeye" inampa mpelelezi mahali pa kutafuta, lakini si ushahidi wako. Na maneno "sikuona" na "sijui" yaache yaandikwe. Shahidi anayejua kila kitu ndiye anayetiliwa shaka.

Ukimaliza, yasome. Kama husomi, yasomwe kwa sauti taratibu mpaka uelewe. Kila palipokatwa na kusahihishwa weka sahihi ndogo pembeni, kisha saini kila ukurasa. Usisaini karatasi tupu wala yenye nafasi kubwa chini, hata ukiambiwa mpelelezi ataijaza baadaye ili usichelewe boti. Andika kwenye daftari lako jina la mpelelezi, simu yake, namba ya RB na tarehe. Ukikumbuka jambo wiki mbili baadaye, rudi uandikishe maelezo ya nyongeza. Kukumbuka baadaye si kosa. Kukumbuka ukiwa mbele ya hakimu, kwa mara ya kwanza, ndiko kunakoumiza.

Elewa pia yanakokwenda. Maelezo ya mlalamikaji ambaye pia ni shahidi hupewa mshtakiwa kesi inapoanza, na kwenye kesi za mauaji maelezo ya mashahidi husomwa katika mahakama ya chini kabla shauri halijapelekwa Mahakama Kuu. Shahidi akifariki au asipopatikana kabisa, sheria inaruhusu, kwa masharti yake, maelezo ya maandishi yapokelewe bila yeye. Kama una hofu ya kujulikana, mwambie mpelelezi kabla ya kusaini.

Ukiitwa kushuhudia upekuzi

Huu ni ushahidi unaowakuta watendaji, wenyeviti wa vitongoji na majirani, mara nyingi usiku na bila kujiandaa. Polisi au askari wa wanyamapori wanakuja kupekua nyumba, wanahitaji shahidi huru. Hoja ya kesi nzima inaweza kubaki kwenye swali moja: mali ilipatikana ukiwa unaiona, au ulikuta imeshatolewa nje?

Ingia nao tangu mlangoni. Ni utaratibu mzuri kuomba askari wakaguliwe mbele ya mwenye nyumba kabla hawajaanza, na askari wanaojua kazi hawakatai. Fuatana nao chumba hadi chumba. Wasigawanyike, wawili chumbani na wawili jikoni, huku wewe ukiwa mmoja. Kinapopatikana kitu, kitazame kikiwa bado mahali pake. Hati ya ukamataji mali iandikwe pale pale, ikiwa na maelezo yanayokitofautisha kitu hicho na vingine: namba ya bunduki, idadi ya risasi, idadi ya vipande vya meno ya tembo, rangi ya mfuko, idadi ya misokoto. Uzito usiukubali kwa kukadiria. Kama hakikupimwa mbele yako, hati isionyeshe kilo.

Saini ya kwako, ya mwenye nyumba na ya askari ziwekwe kabla hamjatawanyika. Ukifika umechelewa na mali iko tayari mezani, saini tu ukiwa umeandika hivyo: "nilifika baada ya mali kutolewa". Askari anaweza kununa. Lakini miezi kadhaa baadaye utaulizwa ilikuwa chini ya kitanda gani, upande gani wa chumba, na jibu la kubahatisha litakuumbua wewe na kuiharibu kesi.

Gwaride la utambulisho na kutambua mali

Gwaride linafanywa kwa mtu ambaye hukumjua kabla. Kabla yake lazima uwe umeshatoa maelezo ya sura, urefu, umbo, mavazi na alama za mtu huyo, vinginevyo gwaride halina cha kulinganisha. Usikubali kuonyeshwa mtuhumiwa wala picha yake kabla ya gwaride. Ikitokea umemwona akishushwa kwenye gari la polisi, sema. Gwaride hilo limeshaharibika na ni bora lijulikane mapema.

Mali nayo hivyo hivyo: taja alama zake kabla ya kuonyeshwa. Namba ya injini, mahali nyavu ziliposhonwa kwa uzi wa rangi nyingine, pembe ya ng'ombe iliyokatika, ufa kwenye kioo cha simu. Risiti inasaidia sana. "Ni yangu, naijua tu" haitoshi, kwa sababu vitu vya aina hiyo viko vingi.

Picha au video iliyo kwenye simu yako iache kwenye simu hiyo hiyo. Usiifute baada ya kumtumia mpelelezi, wala usiihariri. Mahakama itataka kujua nani alirekodi, kwa kifaa gani, na kifaa kilikuwa mikononi mwa nani tangu siku hiyo.

Hati ya wito na safari

Wito halali ni wa maandishi. Una jina lako, namba ya kesi, mahakama, tarehe na saa. Mara nyingi unaletwa na polisi au kupitia mtendaji wa kijiji, na unatakiwa kusaini nakala ya kupokea. Simu ya mpelelezi ikija kwanza, omba hati ifuate, kwa sababu ndiyo inayokuombea ruhusa kazini na ndiyo unayodaia posho.

Soma vizuri ni mahakama gani. "Kigoma mjini" kuna Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, na kesi ya Kasulu inaweza kusikilizwa Kasulu au ikaitwa mjini. Kesi za mauaji huenda Mahakama Kuu, ambayo husikiliza kwa vikao, na kikao kinaweza kufanyika wilayani. Zamani kesi za Mahakama Kuu za mkoa huu zilifuatwa Tabora. Sasa Kigoma ina Mahakama Kuu yake, ila bado kuna wazee wanaopanda treni wakidhani mambo ni yale yale.

Anayetoka Kagunga au Kalya ahesabu hali ya ziwa. Miezi ya kiangazi, kusi inapovuma, boti inaweza kukaa mwaloni siku nzima. Toka siku mbili kabla, si asubuhi ya kesi. Wa Kakonko na Kibondo wahesabu mvua za masika. Na mkimbizi aliyeko kambini, kama Nyarugusu, apeleke hati ya wito ofisi ya mkuu wa kambi mapema ili apewe kibali cha kutoka. Akikamatwa njiani bila kibali, ushahidi wake utachelewa na yeye atakuwa na kesi ya kwake.

Ukishindwa kweli, kwa ugonjwa, uzazi au msiba, toa taarifa kabla ya tarehe, kwa mpelelezi na kwa karani wa mahakama, ukiwa na cheti cha hospitali au barua ya mtendaji. Kama kuna sababu nzuri, omba kutoa ushahidi kwa njia ya video. Mahakama zetu zimeanza kufanya hivyo. Ukikaa kimya, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata na kukutoza faini. Aliyefika lakini akagoma kuapa au kujibu bila sababu halali anaweza kuwekwa gerezani kwa muda usiozidi siku 8, hadi akubali.

Siku yenyewe

Fika saa mbili asubuhi, jitambulishe kwa mwendesha mashtaka au karani. Mwendesha mashtaka, awe polisi au Wakili wa Serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, anaweza kukukumbusha maelezo yako kabla ya kuingia. Kukumbushwa ni halali. Kufundishwa cha kusema si halali, na ukiona unaambiwa useme usichokiona, kataa.

Utasubiri nje. Shahidi hakai ndani kusikiliza wenzake kabla hajatoa ushahidi wake, na aliyekaa kimakosa anaweza kutiliwa shaka kwamba anarudia aliyoyasikia. Nje pia msijadili kesi. Simu izimwe. Ndani, hakimu ni "Mheshimiwa Hakimu", jaji ni "Mheshimiwa Jaji", na ukijibu swali la wakili mtazame hakimu, kwa sababu yeye ndiye anayeandika na ndiye anayeamua. Sema sentensi, subiri kalamu, endelea.

Mkristo huapa, Muislamu husema "nathibitisha", na asiye na dini naye huthibitisha. Usikosee dini yako kwa aibu ya kurekebisha, mwambie karani. Baada ya hapo uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi ni kosa lenye adhabu ya hadi miaka 7 jela.

Maswali huja kwa awamu tatu. Kwanza upande uliokuita unakuongoza kueleza, bila kukuwekea majibu mdomoni. Pili upande wa pili unauliza maswali ya dodoso, na hapa wanaruhusiwa kukubana, kukuuliza kwa namna ya "si kweli kwamba…?" na kukuonyesha maelezo yako ya polisi. Tatu ni maswali ya kusawazisha, kufafanua yaliyokorogeka. Hakimu anaweza kuuliza wakati wowote. Katika Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji mara nyingi huendesha kesi yake mwenyewe, na mshtakiwa atakuuliza maswali uso kwa uso. Jibu bila kubishana naye.

Dodoso ndilo linalowatisha watu, na kinachowaangusha ni hasira. Swali refu lenye mambo matatu liombe ligawanywe. Usichoelewa sema hujaelewa. Makadirio yaite makadirio: "kama hatua kumi, sikupima". Ukikuta maelezo yako ya polisi yanatofautiana na unachokumbuka, usiyakane yote kwa hofu. Eleza tofauti na sababu yake: hapa imeandikwa saa 0800, mimi nilisema saa nane usiku. Tofauti ndogo ndogo mahakama inazielewa, kwa sababu kumbukumbu ya binadamu huchakaa. Inayovunja kesi ni ile inayogusa kiini, kama vile nani alifanya na ulimwonaje.

Haki zako hapo mbele ni hizi: kujibu kwa lugha unayoiweza, kuwa na mkalimani, wa lugha ya alama pia, kukaa kama unaumwa au una mimba, kunywa maji, kutodhalilishwa. Swali la matusi au la kukuchokoza tu, hakimu ana mamlaka ya kulizuia, nawe unaweza kumgeukia: "Mheshimiwa, naomba unilinde." Ukiona jibu litakuingiza wewe kwenye kosa, mweleze hakimu kabla ya kujibu, naye ataamua. Huruhusiwi kusoma kutoka kwenye karatasi, ila kwa ruhusa ya mahakama unaweza kutazama kumbukumbu uliyoiandika wakati wa tukio.

Vitisho, fedha na "tuyamalize nyumbani"

Shinikizo kubwa kwa mashahidi wa huku haliji kwa panga. Linakuja na shangazi, mchungaji au shehe, na bahasha. Wanakuambia ufute kesi. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Shahidi hana uwezo wa kuifuta, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama inaweza kuhimiza usuluhishi kwenye makosa madogo ya binafsi kama shambulio la kawaida. Ubakaji, mauaji na unyang'anyi wa silaha havisuluhishwi sebuleni. Ukichukua fedha ukageuza maneno, mwendesha mashtaka anaweza kuiomba mahakama ikutamke shahidi aliyegeuka, akakuhoji kwa maelezo yako ya kwanza, na kesi ya kufuata ikawa ya kwako. Ukiombwa rushwa, au ukipewa, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo.

Kwa vitisho, usifute ujumbe wowote. Andika siku, saa, maneno yaliyotumika na nani alikuwepo, kisha toa taarifa polisi upate RB, na mwarifu Wakili wa Serikali. Kuingilia shahidi ni kosa la jinai, na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akifanya hivyo, dhamana yake inaweza kufutwa. Kwa hatari kubwa zaidi ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiomba Mahakama itoe amri ya kuficha jina na makazi ya shahidi, kusikiliza faragha au kwa video. Amri hiyo huombwa mapema. Ukishasimama mahakamani na kutaja kijiji chako, hakuna cha kuficha tena.

Mtoto akiwa shahidi

Mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Hukumu zimebatilishwa kwenye rufani kwa kukosekana kwa mstari huo mmoja. Mzazi, sikiliza kama mtoto ameulizwa na ameahidi. Kama hukusikia, mnong'oneze mwendesha mashtaka kabla mtoto hajaendelea.

Kesi za makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha na majina ya mashahidi hayatakiwi kutangazwa, iwe gazetini, redioni au kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ushahidi wa aliyetendewa unaweza kutosha peke yake mahakama ikiuamini. Mpeleke mtoto Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitali mapema, nguo alizovaa zisifuliwe, na asirudiwe kuhojiwa na kila ndugu anayekuja kusalimia. Maneno ya watu wazima yanamwingia, na dodoso litayaibua.

Posho na baada ya ushahidi

Sheria inaruhusu mahakama kuagiza Serikali imlipe shahidi gharama za msingi. Malipo huchelewa, na anayekosa kabisa huwa ni yule asiye na karatasi. Tunza hati ya wito, tiketi ya basi au treni, na risiti ya gesti. Boti nyingi hazitoi tiketi. Mwombe nahodha aandike na kusaini nauli na tarehe. Kesi ikiahirishwa kabla hujasikilizwa, siku hiyo nayo ulifika: hakikisha umeandikwa na umepewa tarehe mpya kabla ya kuondoka, na uulize posho kwa karani siku hiyo hiyo.

Ukimaliza, hakimu atakuruhusu. Unaweza kuitwa tena kufafanua, kwa hiyo ukibadilisha laini ya simu, ukihamia kambi nyingine ya uvuvi au ukienda kulima Uvinza kwa msimu, mpigie mpelelezi na umwachie mtendaji namba mpya.